Fedha Zikipungua, Tukate Nini Kwanza?

Mwaka wa fedha wa halmashauri zetu huanza tarehe 1 Julai, lakini shauri la fedha hizo huanza miezi mingi kabla ya siku hiyo. Katika miezi hiyo madiwani na wakuu wa idara hukaa pamoja wakapima mapato na matumizi, na mara nyingi hukuta kwamba mahitaji ni mengi na fedha ni chache. Hapo huingia mkutanoni neno moja zito, nalo ni neno "kupunguza". Nawaomba wasomaji wa gazeti letu, yaani wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu, tulifikiri neno hilo kwa pamoja. Maoni yangu ni haya: fungu la matengenezo ndilo linalokatwa kwanza, nalo ndilo lililopasa kukatwa mwisho.

Huenda mzazi mmoja akauliza: mtoto wa miaka 17 ana habari gani na hesabu za halmashauri? Swali hilo ni la haki. Lakini sisi wanafunzi ndio tunaoketi chini ya mapaa yanayojadiliwa, ndio tunaopanga mstari mbele ya vyoo vinavyojadiliwa, na wadogo zetu ndio wanaopelekwa katika zahanati zinazojadiliwa. Mgonjwa si daktari, lakini daktari mwema humwuliza mgonjwa anaumwa wapi kabla ya kumpa dawa.

Kwanza yafaa tufahamu jinsi shauri hili linavyokwenda. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano zinataka ziwepo serikali za mitaa, nazo zaeleza kwamba madhumuni yake ni kuwapelekea wananchi madaraka. Kwa hiyo mipango yapasa ianzie chini. Kijiji hutoa haja zake katika mkutano mkuu. Haja hizo hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kutoka hapo huenda kwa wakuu wa idara wilayani, kisha kwa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na mwisho kwa Baraza la Madiwani. Baraza likikubali, makadirio hayo hupelekwa mkoani na TAMISEMI, hata yafike Bungeni.

Fedha zenyewe hutoka katika mifuko miwili hasa. Mfuko wa kwanza ni ruzuku ya Serikali Kuu, nao ndio mkubwa katika wilaya nyingi. Ndani yake mna mishahara ya walimu, waganga na wauguzi, na fedha za miradi ambayo imekwisha kutajwa jina. Diwani hawezi kuchukua mshahara wa mwalimu akanunulia mabati. Mfuko wa pili ni mapato ya ndani, kama vile ushuru wa mazao, ushuru wa masoko, leseni na ada mbalimbali. Mfuko huu ni mdogo, lakini ndio ambao madiwani waweza kuujadili kwa uhuru zaidi, na ndio unaoyumba mara kwa mara.

Sababu za kuyumba kwake ni nyingi. Mvua zikikosekana mazao hupungua, na ushuru wa mazao hupungua pamoja nayo. Tena, mara kadhaa Serikali Kuu imeondoa au kuhamisha kodi kwa nia njema ya kumpunguzia mwananchi mzigo au kukusanya vizuri zaidi, na halmashauri zikabaki na pengo. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo iliyotozwa kwa watu wazima ilifutwa, pamoja na ushuru mdogo mdogo uliokuwa kero kwa watu. Halmashauri zikapewa ruzuku ya kufidia, lakini ruzuku si mali yako kama ushuru wako mwenyewe. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya kodi ya majengo ilianza kuhamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao, uliokuwa ukifika asilimia 5, ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alishukuru, naye alikuwa na haki ya kushukuru. Na mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje, nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, zikalazimika kufikiri upya ni nani atakayelipia baadhi ya huduma za afya.

Kwa upande mwingine yapo mambo ambayo yamelindwa yasiguswe. Tangu mwaka 2018 sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hilo ni jema. Kadhalika yapo maagizo kwamba sehemu kubwa ya mapato hayo iende katika miradi ya maendeleo. Nalo ni jema. Lakini baada ya hayo yote hubaki fungu dogo liitwalo Matumizi Mengineyo. Humo mna mafuta ya magari, karatasi, umeme, safari, vikao, na matengenezo. Gari lisipopata mafuta, dereva atasema. Karani asipopata karatasi, atasema. Mjumbe asipopata posho, atasema sana. Lakini paa halisemi, wala choo hakiandiki barua. Basi matengenezo hukatwa.

Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi, na mwananchi aweza kwenda kusikiliza. Mwalimu wetu wa Uraia alituombea ruhusa, tukaenda wanafunzi wachache kusikiliza kikao cha bajeti. Halmashauri hiyo sitaitaja, kwa kuwa nadhani mambo niliyoyasikia si yake peke yake. Niliona kwamba madiwani si watu wasiojali. Walijadiliana kwa saa nyingi, kwa adabu na kwa ukali pia. Mmoja alitetea darasa jipya katika kata yake, kwa kuwa watoto walikuwa wakisomea chini ya mwembe. Mwingine alitetea soko, akieleza kwamba soko huleta ushuru, na ushuru ndio utakaojenga madarasa ya kesho. Mama mmoja wa viti maalum aliomba wodi ya wazazi itangulizwe, kwa sababu wajawazito wa kwao hubebwa kwa pikipiki usiku. Kila hoja ilikuwa na haki yake, nami sikujua ningempigia kura nani. Lakini mstari wa matengenezo ya majengo uliposomwa kuwa umepunguzwa, hakuna aliyeomba kusema. Ulipita kabla sijamaliza kuuandika katika daftari langu.

Nimejiuliza kwa nini iwe hivyo. Nadhani jambo moja ni kwamba ujenzi mpya una sherehe na matengenezo hayana. Darasa jipya huwekewa jiwe la msingi; mgeni rasmi hualikwa, ngoma hupigwa, utepe hukatwa, na jina huandikwa ukutani. Hakuna mgeni rasmi aliyepata kualikwa kuja kuona bati lililogongelewa misumari upya. Diwani naye ni mtu wa kuchaguliwa. Baada ya miaka mitano atasimama mbele ya watu wake, nao watamwuliza, "Umetujengea nini?" Hawatamwuliza, "Umezuia nini kisibomoke?" Basi kosa hilo si la diwani peke yake. Ni la sisi tunaomwuliza swali la kwanza tukasahau la pili.

Wazee wetu walikwisha kutuachia neno juu ya jambo hili: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tulitazame neno hilo kwa macho ya fundi. Upepo ukilegeza bati moja, msumari mmoja na ngazi vyatosha kulirudisha. Likiachwa msimu mmoja, maji ya mvua huingia katika kenchi. Mbao zikilowa huoza, na mchwa hupenda mbao zilizolowa. Msimu wa pili dari hushuka. Msimu wa tatu maji hupita ukutani, lipu hubanduka, na chumba hufungwa kwa kuwa ni hatari kwa watoto. Hapo ndipo ombi la darasa jipya hupelekwa wilayani. Kitu kilichoanza na msumari kimekuwa mradi wa mamilioni, na fedha zake itabidi zikatwe katika fungu la mtu mwingine.

Katika zahanati moja ninayoifahamu lilijengwa tangi la kukusanyia maji ya mvua. Mfereji wa bati ulio chini ya paa ulishikwa kwa vyuma vidogo. Viwili kati ya vyuma hivyo vilikatika kwa kutu, mfereji ukainama, na maji yakawa yakimwagika ukutani badala ya kuingia tangini. Tangi ni zima, paa ni zima, na mvua hunyesha. Kinachokosekana ni vipande viwili vya chuma na fundi wa nusu siku. Kwa kukosa hivyo, mama anayekwenda kujifungua hufuatana na ndugu yake aliyejitwika ndoo ya maji. Mtu aliyeandika hesabu za mwaka ule alidhani kwamba ameokoa fedha. Hakuokoa kitu, aliutoa mzigo katika daftari la halmashauri akautwika kichwani mwa mwanamke.

Nchi yetu imekwisha kufundishwa somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha yake ilikuwa njema mno: kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mtu apate maji safi na salama mahali pasipozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Nchi rafiki zilitusaidia. Finland ilifanya kazi katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na Sweden katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mabomba yalilazwa, mashine zikafungwa, matangi yakajengwa. Lakini mashine hutaka mafuta, vipuri na fundi, na fedha za vitu hivyo hazikutosha kamwe. Ilipofika mwaka 1991 shabaha haikutimia, na miradi mingi iliyokuwa imejengwa ilikuwa imesimama. Ndiyo maana Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitia mkazo kwamba watumiaji wenyewe wawe na vyombo vya kusimamia miradi na kuchangia uendeshaji wake. Baada ya bomba kukauka, tulijifunza kwamba kujenga ni nusu tu ya kazi.

Somo la pili ni la barabara. Ripoti ya Maendeleo ya Dunia iliyotolewa na Benki ya Dunia mwaka 1994 ilieleza kwamba kama nchi za Afrika zingalitumia dola bilioni 12 kwa matengenezo ya wakati wake, zingaliokoa dola bilioni 45 za kujenga upya barabara zilizoharibika katika miaka kumi iliyotangulia. Yaani kwa kila shilingi moja ambayo haikutumika katika kuziba mashimo, zilihitajika karibu shilingi nne za kujenga upya. Nchi yetu ililisikia somo hilo. Mwaka 1998 Mfuko wa Barabara uliwekwa kwa sheria, ukawa unapata fedha zake kutokana na tozo ya mafuta ya magari, na sheria ikaamuru kwamba si chini ya asilimia 90 ya fedha za mfuko huo ziende katika matengenezo. Sehemu isiyozidi asilimia 10 ndiyo iliyoachwa kwa ujenzi. Sisemi kwamba barabara zetu zote ni nzuri. Kila mtu aliyesafiri wakati wa masika atanicheka. Nasema tu kwamba barabara imewekewa ulinzi ambao darasa na zahanati havijawekewa.

Wasomaji na wakumbuke kwamba mzigo wa barabara za vijijini na mijini ulikwisha kuhamishiwa TARURA mwaka 2017, na maji ya vijijini yakahamishiwa RUWASA mwaka 2019. Kwa hiyo halmashauri zimebaki hasa na shule, zahanati, vituo vya afya, masoko, majosho na machinjio. Vyote hivyo ni majengo. Halmashauri iliyoachiwa majengo, kisha ikakata matengenezo ya majengo, yafanana na mfugaji anayezidisha ng'ombe huku akipunguza malisho.

Na majengo yamezidi sana. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto wengi wameingia shuleni. Mwaka 2021, katika mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kwa ajili ya kupambana na ugonjwa wa UVIKO-19, yalipangwa madarasa 15,000 nchini, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Nani hatafurahi? Mimi mwenyewe nina ndugu aliyeingia Kidato cha Kwanza bila kusubiri awamu ya pili. Lakini madarasa yaliyojengwa kwa wakati mmoja huzeeka kwa wakati mmoja. Kabla ya miaka mingi kupita, sakafu zake zitaanza kupasuka na milango yake kulegea, na siku hiyo mkopo mwingine hautakuwapo. Tazameni jinsi Serikali ilivyolazimika, katika miaka iliyofuata 2016, kukarabati shule kongwe kama Mzumbe, Kilakala na Ilboru kwa gharama kubwa. Shule hizo hazikuchakaa kwa usiku mmoja. Zilichakaa bati kwa bati, bomba kwa bomba, katika miaka ambayo kila mwaka ulisema, "Mwakani."

Nisisahau maboma. Kila mtu aliyekaa kijijini anajua boma ni nini: wananchi hujitolea mchanga, mawe, maji na nguvu zao, wakapandisha kuta mpaka kwenye lenta, kisha hungoja halmashauri iezeke na kumalizia. Mambo yakienda vizuri, huu ni ushirikiano mwema. Lakini fedha zikipungua, boma hubaki wazi mvua zikilinyeshea, nyasi zikaota ndani, mbuzi wakalala humo. Matofali hulika, na moyo wa wananchi hulika pamoja nayo. Ukiwaita tena kuchimba msingi wa jengo jingine, watakuja wachache. Kwa hiyo halmashauri inayoanza boma jipya ilhali ina maboma ya zamani yasiyoezekwa haipotezi matofali tu. Inapoteza imani ya watu, na imani haina duka la kuinunua.

Sasa nijibu hoja za wale wasiokubaliana nami, maana najua wapo. Hoja ya kwanza ni ya wanafunzi wenzangu, nao husema: "Zikatwe posho za vikao na safari, nasi tutapata fedha za kila kitu." Nakubali kwamba posho na safari zitazamwe kwanza, na safari isiyo na faida ifutwe. Lakini twaweza kujidanganya. Diwani hufuata vikao kutoka mbali, na nauli hailipiwi kwa maneno. Tena, hata fedha hizo zikiokolewa, kama nia yetu haikubadilika zitakwenda katika msingi mwingine mpya wenye utepe mwingine mpya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husemwa: "Mtoto aliye chini ya mwembe hana darasa kabisa, wewe mwenye paa linalovuja una afadhali. Yeye atangulie." Hoja hii yanigusa, wala siwezi kuipuuza. Jibu langu ni kwamba mtoto yule hatasaidiwa kwa kuongezewa wenzake chini ya mwembe. Kila darasa linalofungwa kwa kubomoka huwatoa nje wanafunzi darasa zima. Tukijenga moja na kupoteza moja, tumetumia fedha nyingi kusimama mahali pale pale. Sisemi tusijenge. Nasema tusijenge kwa fedha za kulinda kile tulichonacho.

Hoja ya tatu husema: "Matengenezo ni madogo; wazazi wachange." Wazazi wetu wamechanga sana, na wengi wataendelea kuchanga kwa hiari. Lakini mzazi mwenye shamba la ekari moja hapaswi kulipa ushuru sokoni, kisha alipe tena kwa ajili ya kitu kile kile ambacho ushuru huo ulikusudiwa kukitunza. Na katika kata maskini mchango huo hautapatikana, kwa hiyo shule ya maskini ndiyo itakayobomoka kwanza.

Basi nashauri mambo manne. La kwanza, madiwani wakubaliane juu ya utaratibu wa kufuata wakati wa shida: kutengeneza kwanza, kumaliza baadaye, na kuanza mwisho. Kitu kizima kitunzwe; kilichoanzwa kimalizwe; ndipo kipya kianzwe. Utaratibu huu ukiandikwa mapema, diwani hatalaumiwa katani kwake kwa kuufuata, kwa kuwa ni wa wote.

La pili, iwekwe sehemu maalum ya mapato ya ndani kwa ajili ya matengenezo, nayo ilindwe kwa sheria. Kama sheria iliweza kulinda asilimia 10 ya mikopo, na kama sheria nyingine iliweza kulinda asilimia 90 ya Mfuko wa Barabara, hakuna ajabu katika kulilinda paa la zahanati. Kiasi chenyewe wataalamu watakipima. Mimi naomba tu kisiwe sifuri siku fedha zinapopungua.

La tatu, kila mradi mpya unapoletwa barazani uletwe na hesabu mbili: gharama ya kuujenga, na gharama ya kuutunza kila mwaka. Asiyeweza kuonyesha hesabu ya pili asipewe ya kwanza. Mtu hununua baiskeli baada ya kuuliza bei ya mpira na mnyororo. Kwa nini tununue jengo bila kuuliza?

La nne, mapato na matumizi hubandikwa katika mbao za matangazo ili wananchi wasome. Nashauri ibandikwe pia orodha ya vitu vilivyoharibika katika kata, pamoja na tarehe vilipoharibika. Orodha hiyo ikikaa ukutani miezi sita bila kubadilika, hapatahitajika hotuba.

Lakini haitakuwa haki nikiwaagiza madiwani peke yao na kutuacha sisi. Kioo cha dirisha hakivunjwi na halmashauri. Mlango wa bweni haung'olewi bawaba na Mkurugenzi. Dawati halichongwi majina na diwani. Mwanafunzi anayevunja kitasa leo amekula fungu la matengenezo kabla halijafika barazani, naye hana haki ya kulalamika likikatwa. Klabu zetu za shule, zinazojifunza kilimo, mazingira na mambo mengine mema, zaweza pia kujifunza kugonga msumari, kuziba bomba linalovuja na kupaka chokaa. Kazi hiyo haitaondoa wajibu wa halmashauri, ila itatupa haki ya kuudai.

Kwa wazazi wetu nina ombi moja. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane walau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Katika mkutano ujao, baada ya kuuliza kijiji kitajengewa nini, tafadhali ulizeni swali la pili: vile tulivyonavyo vitatunzwa kwa fedha gani? Swali hilo likiulizwa katika vijiji vingi, diwani atakwenda nalo barazani, na mstari ule wa matengenezo hautapita tena kimya kimya.

Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka hapa baada ya mtihani. Wengi wetu tutatimiza miaka 18 kabla ya bajeti nyingine kupitishwa, nasi tutakuwa na haki ya kuketi katika mikutano hiyo na kupiga kura. Wenzangu, tusiende huko kupiga makofi tu wakati utepe unapokatwa. Twende pia kuuliza nani atashika nyundo baada ya wageni kuondoka.

Mwanafunzi,
Kidato cha Nne